Stellaris: tucheze toleo gani, na DLC ipi inunuliwe kwanza? Tulinganishe 1.9, 2.1, 3.14 na 4.x

mwanaanga_tz

Wakuu habari za jioni. Tupo washkaji wanne tunataka kuanza Stellaris pamoja, ile gemu ya kompyuta ya Paradox ya kuendesha himaya kwenye galaksi, wawili wana mashine za maana na wawili mashine zao za kawaida tu. Kila nikiuliza kuhusu DLC (nyongeza za kulipia) naambiwa nunua Utopia kwanza, mwingine anasema usikose Apocalypse, ila hakuna anayeniambia gemu yenyewe inakuwaje ukishanunua. Nimekaa nikasoma mabadiliko ya toleo kwa toleo na naona kitu ambacho watu hawakisemi: DLC ya kulipia haibadilishi gemu sana kama apdeti ya bure inayotoka nayo siku hiyo hiyo. Paradox wakitoa nyongeza kubwa wanatoa na apdeti kwa wote, asiyelipa naye anaipata, na humo ndo wanapobomoa na kujenga upya. Gemu imetoka Mei 2016 lakini ya leo ukiiweka pembeni ya ile ya mwanzo ni gemu mbili tofauti.

Kwahiyo mi naona swali la kwanza ni toleo, DLC baadaye. Steam inaruhusu kurudi matoleo ya nyuma, na haya manne ndo nayaona kama vituo:

1.9, mwisho wa gemu ya zamani. Mwanzoni unachagua watu wako watasafirije, kuna warp ya kuruka popote ndani ya masafa yako, kuna haipaleni unafuata mistari inayounganisha nyota tu ila uko fasta, na kuna womholi unajenga stesheni inayokufungulia tundu. Sayari ina miraba, haizidi 25, unaweka jengo kwenye mraba na mtu juu yake.

2.1, hii ni baada ya 2.0 ya Februari 2018 iliyokuja na Apocalypse. Kila mtu haipaleni, kuchagua hakuna tena. Miraba bado ipo.

3.14, miraba ilishaondoka tangu 2.2 ya Desemba 2018, kuna wilaya, ajira, aloi, soko la galaksi na mambo mengi.

4.x, kuanzia Mei 2025 pamoja na BioGenesis, uchumi umepangwa upya tena.

Mliocheza muda mrefu nisaidieni, kipi kinafaa watu wanne wenye mashine zisizolingana?

KapteniKete

Mkuu umeanza vizuri, hapo kwenye apdeti za bure nakuunga mkono asilimia zote. Ila usiipite 2.0 haraka hivo, maana kwangu ndo badiliko kubwa kuliko yote hadi leo. Wewe fikiria bao: siyo kwamba umeongezewa kete, ni namna ya kusambaza kete imebadilishwa mchezo ukiwa umeshauzoea miaka miwili.

Kabla ya 2.0 mipaka ilikuwa inatanuka yenyewe kutoka kwenye koloni zako na vituo vichache vya mbali, unaamka unakuta nyota ya jirani imeshaingia kwako. Baada ya 2.0 kila mfumo wa nyota unajengewa kituo chake, na kila kituo unakilipia kwa ushawishi, rasilimali ya kisiasa ya himaya yako, kwahiyo unaanza kuchagua, hii nyota ina nini, inaziba njia gani. Na kwa vile wote mnapita haipaleni, ghafla galaksi ikapata milango. Unakuta mfumo mmoja ambao jirani yako lazima apite hapo, unaujengea kituo kikubwa na mizinga, unalala. Kwenye 1.9 huwezi, mtu wa warp anakurukia juu anaenda kupiga sayari zako za nyuma huku ngome yako inamtazama tu. Vita vyote vikawa kukimbizana na lundo moja la meli, mwenye lundo kubwa kashinda, basi.

Na vita nazo zikabadilika, unaweka madai ya mifumo kabla ya kupigana, na kuna uchovu wa vita unaopanda hadi mnalazimishwa kukaa mezani. Haya yote hujalipia hata senti. Aliyenunua Apocalypse yeye kaongezewa Titan (meli kubwa mno za vita), Colossus ya kupasua sayari, na maharamia wa kuhamahama ambao wanaweza kuungana chini ya Khan mmoja wakasumbua galaksi nzima. Vitu vizuri sana lakini vinakaa juu ya ule msingi wa bure. Kama mnataka gemu nyepesi, yenye vita vinavyoeleweka, na mashine haziteseki, 2.1 haijapata mpinzani.

Bi_Nebula

Kapteni umesema kweli kuhusu ngome, ila mi nitaitetea 1.9 kwa sababu moja ambayo kwangu ni nzito. Zile njia tatu za kusafiri zilifanya kila himaya iwe na tabia yake. Jirani yako wa womholi ukimvunjia stesheni moja meli zake zinakwama kwake, wa haipaleni unajua anapita wapi, wa warp unamuona anakuja taratibu na akifika lazima injini zipumzike. Ulikuwa unapigana na mtu tofauti kweli. Sasa hivi wote wanapita barabara moja. Najua kwa nini waliondoa, kutengeneza ulinzi wa maana huku kuna njia tatu ni kazi isiyoisha, na kompyuta ilikuwa inashindwa kuzipanga. Ila kilichopotea kimepotea, hakuna DLC iliyowahi kukirudisha, na huwezi kukinunua. Ndo maana nasema mtu aionje 1.9 hata kwa mechi moja ndefu.

Kwa kucheza wanne lakini sitawadanganya, nendeni mbele.

mzee_wa_aloi

Naona mnaongelea vita tu, ngoja niongelee tumbo la gemu. 2.2 ndo iliyoniweka kwenye hii gemu mpaka leo na ndo iliyowafukuza wengine.

Miraba ilikuwa inaeleweka na mtoto. Mraba una madini, weka mgodi, weka mtu, sahau. 2.2 ikafuta yote, sayari ikawa na wilaya za mji, umeme, madini na kilimo, majengo yanatoa ajira, na kila popu (kipimo cha watu wako) anatafuta ajira inayomfaa kulingana na tabaka lake na sifa za jamii yake. Madini hayajengi meli tena moja kwa moja, yanaenda kiwandani yatoke aloi, na mengine yatoke bidhaa za matumizi ambazo watu wako wanazila wanasayansi wakiwa mbele. Kwahiyo ukitaka meli nyingi unapunguza kitu kingine, na watu wakikosa bidhaa sayari inaanza kutikisika. Kwa mara ya kwanza ilikuwa na maana kuuliza sayari hii kazi yake ni nini. Ikaja na soko la galaksi, unauza chakula unanunua aloi, bei inapanda kadri wote mnavyonunua. Hapo hata kama hukununua MegaCorp, DLC iliyotoka nayo, umepata uchumi mpya kabisa, aliyenunua kapata kuendesha himaya kama kampuni, kufungua matawi kwenye sayari za wengine na kuchukua faida, na zile sayari zilizofunikwa na mji mmoja kuanzia ncha hadi ncha.

Sasa gharama yake. Gharama ya kwanza, himaya zinazoendeshwa na kompyuta hazikuuelewa huo uchumi, zilikuwa zinajifilisi zenyewe na ilichukua muda mrefu kurekebishwa. Ya pili ndo inayokuhusu wewe mwenye mashine za kawaida: kila popu ni hesabu, galaksi kubwa ikifika miaka ya mwisho kuna maelfu ya popu wote wanapimwa ajira, na mwezi mmoja wa kwenye gemu unaanza kutambaa. 3.0 ya Aprili 2021, iliyokuja na Nemesis, wakajaribu kuzuia kwa kufanya popu waongezeke polepole kadri himaya yako inavyokuwa na watu wengi. Ilipunguza mzigo lakini watu walichukia kweli, unateka sayari kumi alafu za kwako za nyumbani zinaacha kuzaa, inaingiaje akilini? Baadaye wakaweka mahali pa kurekebisha hiyo kasi unapoanzisha mechi.

4.0 ndo imekuja kulishika tatizo kwenye shina. Popu mmoja wa zamani ni 100 wa sasa, ila hawahesabiwi mmoja mmoja, wanawekwa kwenye makundi, jamii moja, tabaka moja, wanatoa nguvu kazi kwa pamoja. Biashara nayo siyo ile ya kuchora njia za kukusanyia na kuzilinda na maharamia, imekuwa rasilimali unayoshika mkononi, unanunulia sokoni nayo na inalipia sayari zinazokula kuliko zinavyozalisha. Ilipotoka ilikuwa na mabagi (hitilafu) mengi, pachi zikawa zinafuatana, hiyo kila mtu anaijua. Lakini mwelekeo ni sahihi na naamini hivo.

msee_wa_orbit

Niaje watu. Mi niko Kenya na tunacheza hii na maboyz wangu watatu, so wacha niongeze kitu ya pesa kwa sababu hapo ndio watu huumia. Kwa multiplayer DLC za host (yule anafungua mechi) ndizo zinatumika, wengine wote kwa hiyo mechi mnazipata hata kama mko na gemu ya msingi peke yake. Kwa hivyo nyinyi wanne hamhitaji kununua mara nne, changeni mnunulie mmoja, na huyo mmoja awe mwenye mashine poa na intaneti imetulia. Alafu ngojeni sale, gemu ya msingi hushuka vibaya sana kila mara. Kuna pia ile ya kulipia kwa mwezi unapata DLC zote, hiyo ni poa kama unataka kuonja kila kitu kwanza ndio ujue gani ya kununua kabisa.

Sai kuhusu gani kwanza, Utopia bado. Ilitoka Aprili 2017 na ndio ilileta zile njia za kubadilisha jamii yako iwe mashine, au mubadilishe jenetiki, au mufungue nguvu za akili, na pia miradi mikubwa kama kuzungushia nyota Dyson sphere. Angalia vile wamefanya baadaye: The Machine Age ya 2024 ikachukua upande wa mashine ikauchimba, BioGenesis ikachukua upande wa miili, Shadows of the Shroud ikachukua nguvu za akili. Yaani DLC tatu kubwa zote zimemea kwa ile mbegu ya Utopia. Ya pili ningesema Federations kwa sababu nyinyi ni wanne na mtataka kufanya muungano ulio na meno, Jumuiya ya Galaksi yenyewe, mahali himaya hupigia maazimio kura, ilikuja bure na 2.6 Machi 2020 lakini aina za miungano ndio ziko kwa DLC. Apocalypse ingojee.

KapteniKete

Apocalypse ingojee?? Watu wanne wanaopigana wenyewe kwa wenyewe, Colossus ndo inamaliza ubishi bana.

msee_wa_orbit

Inamaliza ubishi na inamaliza sayari ulikuwa unataka kuteka haha. Kwa watu wanaanza, diplomasia kwanza buda.

sayari_ya_tatu

Kitu kingine wakuu cha kuzingatia, DLC uliyonunua nayo haikai kama ulivyoinunua. Kuanzia 3.1 ya mwaka 2021 wana timu maalumu, wanaiita Custodian, kazi yake ni kurudi kwenye vitu vya zamani na kuvitengeneza bure wakati timu nyingine inatengeneza DLC mpya. Hilo ndo limefanya DLC za miaka ya nyuma zisioze. Upande wa pili, mfumo uliouzoea unaweza kubadilishwa. Mfano viongozi: 3.8 ya Mei 2023 iliyokuja na Galactic Paragons ililetea kila mtu baraza la watawala na kuweka kikomo cha idadi ya viongozi, watu wakawa wanakosa wanasayansi wa kupeleka uchunguzi kwa sababu nafasi imeliwa na admirali. Kufika 3.10 wakagawa kikomo kwa aina ya kiongozi, na jenerali na admirali wakawa kitu kimoja, komanda. Kwahiyo mwongozo wa video wa 2022 ukiufuata leo utapotea, angalia kwanza umetengenezwa kwa toleo lipi.

Kwa hilo mi nasema 3.14 ndo sehemu salama ya kusimama kwa sasa. Imekamilika, haitaguswa tena, mods zake (marekebisho yanayotengenezwa na wachezaji) zimetulia, na namba yake ya mwisho wakaifanya 3.14.15926 kwa heshima ya pai.

mzee_wa_aloi

Salama kwa mashine kubwa. Kwa mashine za kawaida 3.14 mwaka wa 2400 utaona mwenyewe. Kama mnabaki huko chagueni galaksi ndogo, nyota 400 au chini, himaya chache, na punguzeni sayari zinazokalika, hiyo ya mwisho inasaidia kuliko watu wanavyodhani maana sayari chache ni popu wachache.

mwanaanga_tz

Asanteni sana wakuu, nimepata zaidi ya nilichotarajia. Naona hivi: tunaanza na 4.x kwenye galaksi ndogo, host anachukua Utopia na Federations, na siku moja moja tunarudi 2.1 kwa ajili ya vita, kwa heshima ya Kapteni. Bi Nebula, hiyo 1.9 nitaicheza peke yangu kabla ya yote, nataka kuziona hizo njia tatu. Swali la mwisho, tukihama toleo sevu (mechi tulizohifadhi) zinakuwaje?

sayari_ya_tatu

Kila toleo na sevu zake, sevu ya 3.14 usiipeleke 4.x. Kuhama bonyeza kulia jina la gemu kwenye Steam, ingia Properties, alafu Betas, chagua namba. Wote wanne muwe na namba ile ile, na pale kwenye menyu ya kwanza kuna msimbo mfupi wa herufi nne pembeni ya namba ya toleo, hakikisheni unafanana kwa wote kabla host hajafungua chumba. Usipofanana, mara nyingi kuna mmoja kaacha modi imewashwa.