Kisima cha jirani kimekausha visima vyetu: nitajuaje kama ni kweli kabla ya kutia sahihi?

MkaziWaPembezoni anauliza:

Heshima kwenu nyote. Ninaishi katika mtaa mmoja wa pembezoni mwa jiji la Dodoma, upande ambao bomba halijafika kwa kila nyumba, na wengi wetu tunategemea visima vilivyochimbwa kwa mkono, vyenye kina cha futi 30 hadi 50. Katikati ya mwaka 2024 jirani yetu mmoja alichimba kisima kirefu kwa mashine, akafunga pampu ya umeme, na tangu hapo anafyatua tofali na kujaza maboza yanayokwenda kuuza maji mjini. Tangu hapo pia visima vyetu vinashuka. Oktoba iliyopita ndoo yangu ilikuwa inagonga matope, ikabidi alfajiri nimshushe kijana wangu kwa kamba achote maji kwa kopo.

Katika kikao cha mtaa kilichopita uliletwa waraka unaoomba kisima hicho kifungwe. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alisimama, akasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, ukumbi ukapiga makofi. Mimi nikauliza swali moja tu: tumejuaje kwamba ni kisima kile na si jambo jingine? Kwanza kilipita kimya, kisha mtu akauliza kutoka nyuma nimepewa tofali ngapi. Sasa nyumba karibu zote zimetia sahihi isipokuwa yangu na nyingine mbili, na mke wangu ameanza kujibiwa kwa mkato gengeni.

Maswali yangu ni haya. Mtu asiye mtaalamu anawezaje kupima madai ya namna hii kwa uwezo wake mwenyewe? Na anawezaje kuuliza mbele ya watu wenye kiu bila kuonekana amenunuliwa?

FundiPampu:

Ndugu, kabla ya yote, usimshushe tena mtoto kisimani. Hewa ya chini ya kisima huweza kumlegeza mtu kabla hajapiga kelele. Nimewahi kuitwa kutoa pampu nikakuta watu wanatoa maiti.

Sasa nije kwenye hoja. Kisima kirefu cha huku kwetu mara nyingi huchota maji kwenye nyufa za mwamba, wakati kisima cha mkono huchota kwenye tabaka la juu, lile la mwamba uliolika na kuwa kama changarawe. Matabaka hayo mawili huenda yakawa yanawasiliana, au yakatenganishwa na udongo mzito, na kwa kutazama tu juu ya ardhi huwezi kusema ni lipi kati ya hayo. Lakini kama yanawasiliana, kuna dalili. Visima vilivyo karibu na pampu vitashuka zaidi ya vilivyo mbali, na pampu ikinyamaza kwa muda wa kutosha, hivyo vya karibu vitapanda kidogo hata kama hakuna tone la mvua lililonyesha.

Kwa hiyo chukua kamba isiyovutika, uifunge fundo kila nusu mita, mwishoni uning'inize chupa ndogo yenye mchanga. Pima kutoka ukingo wa kisima hadi maji yanapoanza, alfajiri, kabla mtu yeyote hajateka, katika visima vilivyo karibu na vilivyo mbali, na uandike kila siku kwenye daftari moja. Umeme ukikatika siku nzima, hiyo kwako ni siku ya sikukuu. Tena, usilinganishe Oktoba na Aprili. Huku tuna msimu mmoja wa mvua, na kisima chochote cha mkono lazima kiwe chini mwezi Oktoba, awepo jirani mwenye pampu au asiwepo.

MstaafuWaKongwa:

Mwanangu, swali lako ni la haki, ila naona hata wewe mwenyewe hujalifikisha mwisho. Unasema visima vinashuka tangu katikati ya mwaka 2024. Je, kabla ya hapo vilikuwaje? Ulikuwa ndiyo kwanza umetoka kwenye mvua za El Niño za msimu wa 2023/24, zilizoleta mafuriko sehemu nyingi za nchi. Aliyechimba mara tu baada ya mvua zile alichimba maji yakiwa juu, na kutoka juu, maji hayana pa kwenda ila kushuka.

Hili silisemi kwa kubahatisha. Visima vya Makutupora, kaskazini mwa mji, vinavyoinywesha Dodoma kwa miaka mingi, vimekuwa vikipimwa tangu miaka ya 1950. Kumbukumbu zake zinaonyesha kwamba maji ya chini hushuka mwaka baada ya mwaka, kisha ukija msimu mmoja wa mvua za kupindukia hupanda kwa mara moja, na mpando mkubwa kuliko yote ni ule wa 1997/98. Mvua ya kawaida ya Dodoma, ambayo wastani wake haufiki milimita 600 kwa mwaka, huishia zaidi kwenye majani na jua. Maana yake ni kwamba mtu akiyatazama maji haya kwa miaka miwili au mitatu, karibu kila mara ataona yanapungua, na karibu kila mara atampata mtu wa kumlaumu, kwa kuwa katika mji unaokua hivi hakosekani mtu aliyehamia au kuchimba ndani ya miaka hiyo miwili.

Hata hivyo msije mkadhani kosa la kutazama kwa muda mfupi ni la wasiosoma. Mwaka 1946 Waingereza walituma ujumbe wa wataalamu uliozunguka nchi hizi kwa wiki 9 tu, nao ukarudi na pendekezo la mashamba makubwa ya karanga. Kazi ikaanza hapa Kongwa mwaka 1947, kwa matrekta ambayo mengine yalitengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Baba yangu alikuwa kibarua pale. Alisimulia jinsi ardhi ilivyokauka ikakaza kama sakafu, karanga zikiwa zimefungiwa chini yake, majembe yakivunjika. Mvua walizozitegemea hazikuja kama zilivyopangwa, na mwaka 1951 mradi ukafutwa. Wagogo, ambao walikuwa bado wanaikumbuka njaa ya Mtunya ya miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Kwanza na iliyofuata, walikuwa wanalima uwele na mtama, na hawakuwa wajinga kufanya hivyo. Yule mzee wa kikaoni amekosea kutumia methali mahali pa ushahidi, lakini huenda ameyaona maji ya mtaa huo kwa miaka 50. Ungemuuliza kisima chake kilikuwaje mwaka 1996, kabla ya ile mvua kubwa, ungepata kitu ambacho mimi na wewe hatuna.

MamaMchicha:

Shikamoo mzee, na wengine habari zenu. Nimesoma yote na ninakubali mengi, ila kuna jambo linanikera. Mimi ninalima mchicha na figiri kwa maji ya kisima. Mnaposema tupime, tusubiri, tulinganishe Oktoba na Oktoba, mwenye pampu anaendelea kujaza maboza. Kusubiri kwenu kunamgharimu nini yeye? Hakumgharimu chochote. Mimi tuta likikauka wiki moja nimepoteza ada ya mtoto. Kuuliza “mmejuaje” ni vizuri, lakini naona swali hilo daima anaulizwa anayelalamika, wala sijasikia mwenye pampu akiulizwa amejuaje kwamba pampu yake haitudhuru.

Tena kuna sheria. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka anayetumia maji kwa biashara awe na kibali kutoka Bodi ya Maji ya Bonde, na huku mjini ni Bonde la Wami/Ruvu. Kuomba kuonyeshwa kibali hakuhitaji kamba wala fundo. Mngeanza hapo, na mngekuwa mmemtaka yeye athibitishe.

FundiPampu:

Dada, hapo umenishika, nami sina la kukupinga. Kwenye kibali huwa kuna kiwango cha maji anachoruhusiwa kuchota, kwa hiyo hata mjadala wa kufunga au kutofunga unabadilika: huenda mtu ana kibali halali, lakini anavuta zaidi ya alichoruhusiwa. Niongeze tu kwamba kibali kinaeleza haki yake ya kuchota. Hakielezi kama ndiye aliyekausha kisima cha fulani. Yote mawili yaulizwe, na moja lisisubiri jingine.

MkaziWaPembezoni:

Ninawashukuru. Nimerudi baada ya wiki tatu, na ninaandika kilichotokea bila kukipamba.

Nilianza kwa kuhesabu visima. Nilipohamia mtaa huu mwaka 2016 vilikuwa 3. Sasa vipo 19, kimojawapo changu. Hakuna aliyekuwa amevitaja kikaoni, hata mimi. Jiji hili lilihesabiwa watu 410,956 mwaka 2012 na 765,179 mwaka 2022, na sisi tuliohamia ndio hao. Lakini kila mmoja wetu alipohesabu wanaochota maji alianzia nyumba ya pili.

Kisha nilikwenda kwa yule mzee, jioni, nikiwa na kamba mkononi. Nilimwambia sikuja kubishana naye, nimekuja kuuliza habari za miaka ya nyuma. Alicheka, akasema kisima chake cha zamani kilikauka kabisa kabla ya mvua ya 1997, wakakiacha kuwa shimo la taka, kisha mwaka uliofuata wakakuta maji yameifikia ile taka. Kuanzia siku ya pili yeye ndiye aliyekuwa anashika kamba na mimi ninaandika, na hapo ndipo swali la tofali ngapi lilipokoma.

Tulipima visima 6 kwa siku 17. Siku ya 11 umeme ulikatika tangu usiku wa manane hadi magharibi, nasi tukapima tena kabla haujarudi. Visima 2 vilivyo ndani ya hatua 60 kutoka kwenye pampu vilikuwa vimepanda kwa kiasi cha upana wa kiganja, ingawa watu walikuwa wameteka kama kawaida. Vingine 4, kikiwemo changu kilicho umbali wa hatua 300 hivi, havikupanda hata kidogo.

Tumeuandika waraka upya. Haudai tena kwamba kisima kimekausha mtaa mzima. Unataja visima vile viwili vilivyo karibu na pampu, unaambatisha kurasa za daftari, unaomba kibali kionyeshwe, na unapendekeza pampu isizimwe, bali izunguke kwa saa chache hadi mvua zianze. Watu watano wamekataa kuutia sahihi kwa sababu wanauona laini mno. MamaMchicha pengine angekuwa wa sita, na sitamlaumu. Mimi nimetia sahihi. Ni nini kinachokishusha kisima changu bado sijui, na leo alfajiri maji yalikuwa fundo moja chini ya jana.