Dawati la ruzuku la mtu mmoja katika chuo kidogo: nianze na maombi mapya au na ruzuku zilizopo?

Mratibu wa Ruzuku

Heshima kwenu nyote. Nimekabidhiwa dawati jipya la kusimamia ruzuku za utafiti katika chuo kidogo ambacho kazi yake kuu ni kufundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza. Dawati lenyewe ni mimi peke yangu. Malipo yote yako chini ya idara ya fedha, ambayo inahudumia chuo kizima na haina mhasibu wa miradi. Ruzuku tulizo nazo ni chache na za kiasi kidogo, na baadhi yake zinatufikia kupitia vyuo vikuu vikubwa ambavyo ndivyo vilivyosaini mkataba na mfadhili.

Uongozi unataka kuona idadi ya maombi ikipanda, na hicho ndicho kipimo nilichowekewa. Wahadhiri nao wananiambia kwamba mzigo wa vipindi hauwaachii nafasi ya kuandika, na kwamba waliowahi kupata fedha walijutia usumbufu wa manunuzi, masurufu na taarifa. Isitoshe, fedha za gharama zisizo za moja kwa moja, yaani zile za kufidia umeme, majengo na uendeshaji, huingia katika mfuko mkuu wa chuo, na mtafiti aliyezileta haoni hata senti. Ningeomba ushauri wa waliotangulia katika kazi hii: nianze kutafuta fursa mpya na kuwasaidia wahadhiri kuandika, au nisimamie kwanza kilichopo? Na suala la gharama hizo nilizungumze vipi na idara ya fedha bila kuonekana ninawanyang'anya mapato?

Mstaafu wa Ofisi ya Utafiti

Ndugu Mratibu, hongera kwa kazi, na pole kwa kipimo, maana idadi ya maombi ni rahisi kuhesabu lakini haielezi mengi. Mimi ningeanza na ruzuku zilizopo. Mhadhiri aliyehangaishwa na mradi wake ndiye atakayewaambia wenzake wasithubutu, na neno lake litakuwa na uzito kuliko semina yoyote utakayoandaa.

Chukua mkataba wa kila ruzuku, uusome wote pamoja na viambatisho, kisha utengeneze ukurasa mmoja kwa lugha nyepesi unaoonyesha mradi unaanza na kwisha lini, taarifa zinatakiwa tarehe zipi, kiasi gani kinaweza kuhamishwa kutoka kifungu kimoja cha bajeti kwenda kingine bila kibali, vifaa vitakuwa mali ya nani baadaye, na je, mfadhili hutoa fedha mapema au chuo hutumia zake kwanza ndipo kirejeshewe. Hilo la mwisho huviumiza sana vyuo vidogo. Ankara ikikaa mezani miezi mitatu kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ni wajibu wake kuituma, basi kwa muda wote huo ni chuo kinachomkopesha mfadhili. Kwa ruzuku zinazopitia chuo kikuu kingine, omba nakala ya mkataba wa awali, kwa kuwa masharti mengi ya mfadhili huteremka hadi kwenu hata pale ambapo makubaliano yenu na chuo hicho hayayataji moja kwa moja.

Kisha jiwekee utaratibu wa kukaa na kila mtafiti mkuu mara moja kwa mwezi, nusu saa tu, leja ikiwa mbele yenu. Tuseme theluthi mbili ya muda wa mradi imepita, kifungu cha wasaidizi wa utafiti kimekwisha, na kile cha safari hakijaguswa. Likionekana mapema, jambo hilo humalizwa kwa barua moja ya kuomba marekebisho ya bajeti. Likionekana wiki za mwisho, mtafiti hushawishika kununua vifaa ili bakaa isirudi kwa mfadhili. Mkaguzi akikuta hadubini iliyoagizwa mwezi wa mwisho na kupokelewa mradi ukiwa umeshafungwa, hatajali ubora wake. Atauliza iliutumikiaje mradi, na kwa kuwa jibu halipo, gharama hiyo itakataliwa na chuo kitailipa chenyewe.

Mhasibu wa Miradi

Naongezea upande wa fedha, kwa sababu nadhani huko ndiko kwenye kutoelewana kukubwa. Ndugu Mratibu, usiende kwa mkuu wa fedha kudai mgawo. Nenda na hesabu. Gharama zisizo za moja kwa moja si faida. Zinafidia umeme, majengo, maktaba, kazi ya mhasibu na kazi yako wewe, vitu ambavyo chuo kimeshavilipia. Mkuu wa fedha yuko sahihi anaposema kwamba fedha hizo zina mwenyewe, na mtafiti naye yuko sahihi anapouliza mbona mhasibu zinayemlipia haonekani.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba asilimia ambayo mfadhili hulipa kwa gharama hizo haipigwi kwenye bajeti nzima. Katika mpango wa Horizon Europe wa Umoja wa Ulaya kiwango ni asilimia 25 ya gharama za moja kwa moja zinazokubalika, lakini kazi zilizotolewa kwa wakandarasi hazihesabiwi. Katika kanuni za ruzuku za serikali ya shirikisho ya Marekani zilizorekebishwa mwaka 2024, taasisi isiyo na kiwango ilichojadiliana na serikali inaweza kudai hadi asilimia 15, ambapo zamani ilikuwa 10, na hapo pia kuna vitu vinavyoondolewa kabla ya kukokotoa. Chukua bajeti ya dola 200,000 za gharama za moja kwa moja, ambamo kuna mashine moja ya dola 30,000 na dola 80,000 zinazokwenda kwa mshirika mmoja. Mashine inatoka yote. Kwa mshirika zinahesabiwa dola 50,000 za mwanzo tu. Msingi unabaki dola 140,000, na asilimia 15 yake ni dola 21,000. Aliyekuwa ameandika 30,000 katika makisio ya mapato ya chuo atakuwa na pengo la dola 9,000 kabla mradi haujaanza. Wapo pia wafadhili, hasa mifuko binafsi, wanaolipa kidogo sana au wasiolipa kabisa, na ruzuku kama hiyo chuo kinaichangia kutoka mfukoni mwake, kwa hiyo ni halali uongozi uulizwe kabla ya andiko kutumwa.

Tengeneza jedwali la ruzuku zote likionyesha kilichotarajiwa, kilichoingia, na saa ambazo idara ya fedha ilitumia. Kwa hesabu hiyo omba sehemu ya mapato hayo ilipe mhasibu wa nusu siku atakayeshughulikia miradi peke yake. Naamini wahadhiri watanufaika na huyo zaidi ya mgawo wa kuwekwa katika akaunti zao, ingawa najua si wote watakaokubaliana nami.

Mhadhiri wa Kemia

Mimi ni mmojawapo wa wasiokubaliana, lakini kwa sehemu tu. Mhasibu wa miradi ni muhimu. Hata hivyo, mgawo mdogo kwa mtafiti hulipia vitu ambavyo wafadhili wengi hawapendi kuviona kwenye bajeti, kwa mfano matengenezo ya kifaa cha mradi uliokwisha, au majaribio ya awali ambayo bila hayo huwezi kuandika ombi lijalo.

Nataka zaidi kuzungumzia muda. Viongozi husema tutampunguzia vipindi atakayepata ruzuku, na bajeti huwekwa fedha za kumlipa mbadala. Katika chuo kidogo, mara nyingi somo lina mwalimu mmoja. Barua ya ruzuku inafika katikati ya muhula, ratiba imeshatoka, mbadala hapatikani, na mhadhiri anajikuta anafundisha vipindi vyote na kuendesha utafiti usiku. Kwa hiyo kabla andiko halijatumwa, mkuu wa idara aandike na kusaini nani atafundisha nini, kuanzia muhula upi. Asipoweza kumtaja mbadala, punguzeni ukubwa wa mradi au uhamishieni likizo ndefu. Kumbukeni pia kwamba wafadhili wana mipaka: National Science Foundation ya Marekani, kwa mfano, kwa kawaida haikubali mtafiti alipwe zaidi ya mishahara ya miezi miwili kwa mwaka kutoka ruzuku zake zote kwa pamoja, isipokuwa sababu ielezwe na kukubaliwa. Taasisi hiyo hiyo ina utaratibu maalumu uitwao RUI kwa vyuo ambavyo kazi yao kuu ni kufundisha shahada ya kwanza. Ndugu Mratibu, kumtafutia mhadhiri mlango wa namna hiyo ni msaada mkubwa kuliko kumtumia kila wiki orodha ndefu ya matangazo ambayo hatayasoma.

Mratibu wa Ruzuku

Nawashukuru sana, nyote watatu. Jedwali la mapato nitalianza mara moja, na fomu ya mbadala wa kufundisha nitaipeleka kwa wakuu wa idara kabla ya ratiba ijayo kupangwa. Limebaki moja. Natamani kuweka tarehe ya ndani, siku kadhaa kabla ya ile ya mfadhili, ili nipitie bajeti na kupata saini. Wahadhiri wanasema huo ni urasimu. Je, anayechelewa nimkatalie?

Mstaafu wa Ofisi ya Utafiti

Usiweke tarehe moja kwa kila kitu. Bajeti, barua za washirika na fomu ya mbadala uzitake siku kumi za kazi kabla, kwa sababu zinategemea watu wengine. Maelezo ya utafiti yenyewe mwachie mhadhiri ayaboreshe hadi siku mbili za mwisho, maana wewe huna la kuyafanyia zaidi ya kuhesabu kurasa. Aliyechelewesha bajeti usimkatalie wewe. Mpeleke kwa naibu mkuu wa chuo anayeshughulikia taaluma, aombe kibali kwa maandishi na aeleze sababu.

Mhadhiri wa Kemia

Kwa mpangilio huo hata mimi sina kinyongo. Omba tu fomu ya bajeti iwe ileile kwa kila mfadhili ndani ya chuo, kisha wewe ndiye uihamishie kwenye muundo wa mfadhili. Sehemu hiyo ndiyo inayotumalizia jioni zetu.