Naomba ushauri: dawa tumemaliza na kipimo bado chaonyesha malaria

Salaam wenzangu. Niko Kisauni. Kijana wangu wa miaka 9 alishikwa na malaria, akameza dawa siku 3 kamili, homa ikatoka. Wiki ya pili kaanza kulalamika kichwa, nikampeleka zahanati ya mtaani. Kidole kikadungwa, kile kijikadi cha kupimia malaria kikatoa mistari miwili, wa pili mwembamba kama uzi. Wakampima na taifodi kwa kipimo cha damu kiitwacho Widal, nayo wakasema iko. Nimerudi na dawa za yote mawili, mfuko mzima!

Mdogo wangu anayesomea uuguzi kanicheka. Asema kijikadi hutafuta antijeni, yaani protini ya kimelea chenyewe, na yaweza kubaki damuni wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Widal hutafuta kingamwili, silaha zilizoundwa na mwili, nazo hubaki hata vita vikiwa viliisha zamani.

Mlio maabara, au mliopitia haya: niombe malaria ipimwe kwa hadubini, na ya taifodi damu ioteshwe, yaani ikuzwe maabara kuona kama bakteria wamo? Dawa sijampa bado. Homa hana, uji anakunywa, ila kichwa hakijaacha.