Wazee wenye kansa waingizwe kwenye majaribio ya dawa au waachwe?

Habarini wana Kanda ya Ziwa. Juzi tumekaa Kirumba nikasema wazee wenye kansa nao wawekwe kwenye majaribio ya dawa, jamaa wakanivaa, eti nataka kuwafanya wazee wetu panya wa maabara, mzee kashachoka muacheni apumzike.

Jamani mimi namuuguza baba, ana 74, kansa ya koo la chakula, na presha anayo, sukari anayo. Kemo, zile dawa kali za kuua kansa, aliyopewa ni dozi ile ile ya kijana, mzunguko wa pili hata uji haupiti, tukamrudisha Ukerewe amelala kwenye benchi la meli. Sasa hapo hakujaribiwa? Alijaribiwa, tena peke yake, na hakuna aliyeandika kilichompata. Hiyo ndo inaniuma. Figo za mzee zinachuja taratibu, dawa inakaa mwilini, afu majaribio mengi yanachukua watu wenye nguvu zao wasio na ugonjwa mwingine, dozi iliyopatikana huko ndo wanakuja kupigwa wazee.

Na inawezekana kuwapima vizuri. Uingereza walifanya jaribio la GO2, majibu yakatoka 2021, wagonjwa 514 wa kansa ya tumbo na koo la chakula, wazee au waliodhoofika, wakagawiwa dozi kamili ya kemo, asilimia 80 na asilimia 60. Wa dozi ndogo kansa haikuwaendelea haraka kuliko wenzao na madhara yakapungua, tena mgonjwa mwenyewe aliulizwa kama matibabu yamemfaa.

Kwetu kigezo kisiwe miaka ya kwenye kitambulisho, wazee wengi tarehe ya kuzaliwa walikadiriwa tu. Muangalie kama anatembea, anakula nini, dawa zipi zingine anameza, nani yuko naye nyumbani. Na mtu wa Nansio kule Ukerewe ukimwambia aje Mwanza kila wiki kutolewa damu ya vipimo tu, ushamtoa kabla hajaanza, hiyo damu itolewe hukohuko wilayani na nauli yake na ya anayemsindikiza iwe kwenye bajeti toka mwanzo.

Kwenye kuweka sahihi ya kukubali jaribio ndo nabishana na ndugu zangu, wao wanasema asaini mtoto mkubwa, mimi nasema mzee mwenye akili zake aelezwe kwa Kikerewe au Kisukuma aamue mwenyewe. Nyie mnaonaje? Mnaopinga njooni na hoja, ila msiniambie apumzike, huyu wangu kila asubuhi anauliza mihogo yake imepaliliwa wapi imefika.