Hadithi za zamani za Commando zirudiwe kama zilivyo au zisafishwe kwanza? Tujadili

Wakuu salaam. Mada hii ni ya wenzangu tunaosoma vile vijitabu vya katuni za vita vya Commando kutoka Dundee, Scotland, ila hata kama hujawahi kuvishika karibu tu, kubishana hakuhitaji kadi ya uanachama.

Kwa asiyevijua: kampuni ya uchapishaji ya DC Thomson walianza kuvitoa 1961 na mpaka leo vinatoka, kila wiki mbili matoleo manne, mawili hadithi mpya na mawili ya zamani yanachapwa tena. Mwaka 2017 walifikisha namba 5000. Ni kijitabu kidogo kinaingia mfuko wa nyuma wa suruali, jalada lina rangi, ndani ni nyeusi na nyeupe, kurasa sitini na kitu, picha mbili tatu kwa ukurasa. Karibu kila hadithi inaanza na kuisha humohumo, leo uko na rubani wa Spitfire, toleo linalofuata uko kwenye kifaru jangwani Libya. Wahusika wanaorudi rudi ni wachache, wale wa Ramsey's Raiders na Convict Commandos ndio wanaojulikana zaidi.

Sasa ugomvi uko kwenye hayo mawili ya kurudia. Hadithi ya miaka ya sitini Mjapani anatajwa kwa jina la dharau ukurasa baada ya ukurasa, Mjerumani akishtuka ni "Himmel!", akipigwa risasi ni "Aieee!", na sajini Mwingereza hata awe na jeraha la tumbo bado anapata nafasi ya kutania. Kuna wanaosema maneno yale yafutwe kabla ya kuchapa tena, kuna wanaosema hadithi za hivyo zikae kabatini zisirudiwe kabisa, na kuna wanaosema usiguse kitu.

Mimi niko na hao wa mwisho, iachwe ilivyo ila mwaka iliotoka mara ya kwanza uandikwe mbele kwa herufi kubwa, mtoto akifungua ajue anasoma akili ya mwaka gani. Kwa sababu ukifuta neno kwenye kiputo ule mchoro uko palepale, Mjapani meno nje na miwani ya duara, sasa umesafisha nini? Umemwondolea tu msomaji ushahidi.

Na kusema kweli linalonikera mimi wala sio hayo matusi. Ni Burma (Myanmar ya leo), walikopigana Waingereza na Wajapani kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Hadithi za Burma ziko nyingi mno kwenye hii seri, msitu, mvua, nyumbu wa mizigo, daraja la kulipua, na katika zote zilizopita mkononi mwangu sijakutana na askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni la Waafrika wa Afrika Mashariki) hata wa kupita nyuma ya picha akibeba sanduku la risasi. Wakati Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, watu wa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia Kaskazini, ndio waliowafukuza Wajapani kwenye bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya masika, malaria huku homa ya scrub typhus kule, gari zimezama kwenye tope, mpaka Desemba wakaingia Kalewa. Pale Kalewa wahandisi wakatandika daraja la Bailey, lile la vyuma vya kuunganisha, juu ya mto Chindwin, futi 1,154, wakati ule hakuna daraja la Bailey refu kama lile duniani. Jamani hiyo si Commando tupu? Mto, daraja, ndege za adui juu, kila kitu kipo. Kasoro mhusika.

Kwa hiyo swali langu kwenu, tunahangaika na maneno au na nani aliyeachwa nje ya picha?

#2
Mkuu umezunguka sana. Hizi ni propaganda za Mwingereza kujisifu, zamani na sasa, mpya na za kurudia. Kila mara anashinda yeye, kila mara adui ni bwege. Unataka babu zetu waingizwe humo ili iweje, wapewe nafasi ya kufa kwenye ukurasa wa 40 ili luteni mzungu apate uchungu wa kulipiza kisasi? Bora walivyoachwa.

#3
@2 hapo kwa "adui ni bwege kila mara" naona hujazisoma boss. Mimi niko Nairobi, hizi nilizisoma sana nikiwa shule, tulikuwa tunanunua zile zimetumika kwa wale wa kuuza vitabu chini, zingine hata jalada hazina, na unakuta kuna nyingi Mjerumani ni mtu wa heshima kabisa, kapteni wa manowari ama rubani, na mbaya wake ni mtu wa SS, kikosi cha chama cha Nazi, kwa upande wake mwenyewe. Kuna zingine mhusika mkuu ndiye huyo Mjerumani. Halafu hata wachoraji hawakuwa Waingereza wote, kulikuwa na Wahispania, na yule José Maria Jorge wa kuchora ndege alikuwa ni wa Argentina, na unajua Argentina na Uingereza walipigana 1982 kugombea visiwa vya Falkland. Sasa propaganda gani hiyo inachorwa na mtu wa upande wa adui hahaha.

Lakini kwa ile ya ukurasa wa 40 umesema ukweli, hiyo nimecheka halafu nikanyamaza.

#4
Naomba niseme kama mzazi. Mwanangu ana miaka kumi na moja na anapenda hivi vijitabu kuliko hadithi za darasani, na kusoma kwake kumekuwa kwa haraka, siwezi kukataa. Ila mtoto wa umri huo hasomi huo mwaka ulioandikwa mbele. Anaruka moja kwa moja kwenye mlipuko. Wiki iliyopita amemwita mwenzake jina la humo mle, la Wajapani, hajui hata maana yake. Kwa hiyo nyie kaka zangu mnaokusanya matoleo mkayapanga kabatini mnaongea kama watu wazima, na hiyo bidhaa haikuandikiwa watu wazima. Mimi nasema neno la matusi lifutwe, hadithi ibaki. Atakayetaka ya asili atafute nakala ya zamani, si mnajisifu mnazo.

#5 (mwenye mada)
Dada wa #4 nakuelewa na hoja ya mtoto ni nzito, ila angalia siku hizi wanunuzi ni kina nani, wengi ni wababa wenye mvi waliozisoma wakiwa na umri wa mwanao. Nakubali hili, kwa zile zenye neno la ukabila wa wazi kila ukurasa zitoke kwenye kitabu kinene cha mkusanyiko chenye utangulizi, zisitoke kama toleo la kawaida pembeni ya hadithi mpya. Kufuta bado nakataa.

@2 hilo la luteni kulipiza kisasi lina ukweli wake, ndiyo maana sisemi wamwingize askari mweusi kama pambo. Nasema hadithi iwe yake, ianze naye na iishe naye, kama wanavyompa nafasi huyo kapteni wa manowari wa Kijerumani. Kama adui anapewa kurasa sitini, mwenzao wa upande mmoja anashindwaje kupata?

#6
Babu mzaa mama alikuwa KAR, alifika Burma akarudi. Katika kusimulia kwake vita vilikuwa kidogo sana, stori zake zilikuwa ni meli, baridi ya usiku milimani, na biskuti ngumu mpaka unaivunja kwa kitako cha bunduki. Mjapani alimtaja kwa heshima, alikuwa akisema "yule mtu hakimbii". Basi. Hakuwahi kumtukana. Sasa mimi nikisoma zile katuni naona aliyekaa mezani London au Dundee ana hasira kuliko aliyelala kwenye handaki. Nilitaka tu kuongeza hilo.

Na kwa wanaosema majina yao yamepotea, hayajapotea yote, kwenye makaburi ya Taukkyan nje ya Yangon kuna mnara wenye majina karibu 27,000 ya wasio na kaburi linalojulikana, na wa Afrika Mashariki wamo. Mwandishi akitaka pa kuanzia panapo.

#7
Hivi kwa nini tunamsubiri Mskoti? Kagera hatujaiona? Amin kaingia Oktoba 1978, daraja la Kyaka likalipuliwa, watu wakatembea kwa miguu kutoka Mutukula mpaka Kampala, Aprili 1979 mji ukaanguka, zile roketi za BM zikapewa jina la Saba Saba mpaka Waganda wenyewe wakaliita hivyo hivyo. Nchi iliyokuwa na magazeti ya katuni kama Sani na Kingo haikosi wachoraji. Nipeni kijitabu cha kurasa sitini cha sajini wa JWTZ na mgambo aliyeshikishwa bunduki juzi, nitanunua cha kwangu na cha jirani.

#8
@7 wazo zuri ila nalo utalikuta na ugomvi uleule. Utamchoraje Mganda? Maana wale nao walikuwa ndugu zetu, na leo wasomaji wako nusu wako Masaka. Ukimfanya wa kupiga yowe "Aieee" na kufa, umekuwa Dundee ya 1965. Na hao mashujaa wetu wakifika mjini utaonyesha uporaji au utaruka ukurasa?

#7
@8 nitaonyesha. Na Mganda atapewa jina, nyumba, na mke anayemkataza asiende. Tatizo sio hilo bana, tatizo ni hela, mchoraji akikaa miezi miwili na kurasa sitini atakula nini? DC Thomson wana kiwanda cha magazeti nyuma yao.

#4
Muanze na kurasa kumi na mbili basi. Na nitampa mwanangu awe wa kwanza kuwaambia kama panaboa.

#5 (mwenye mada)
Kumi na mbili inatosha kwa daraja la Kyaka peke yake. @6 kama bado una picha ya babu akiwa na sare naomba unitafute faragha, nataka kuona kofia zile zilivyokunjwa ukingo, wachoraji huwa wanazikosea.