Nyumba ya mapumziko Costa Rica: anayefahamu atuelekeze

Kutoka: Mama Pacha, Minneapolis

Shikamooni wakubwa, na wadogo habari zenu.

Mimi, mume wangu na wifi zangu wawili tumechanga kwa miaka mitatu tupate nyumba ya mapumziko, tukae wenyewe wakati wa baridi na miezi mingine tuipangishe. Tumeona tangazo la nyumba ya vyumba vitatu Puerto Viejo, upande wa Karibi wa Costa Rica, "hatua chache kutoka majini". Bei yake ni ya chini kuliko zote tulizoziona. Mwanangu mkubwa amekolea mchezo wa kuteleza mawimbini kwa ubao tangu tulipompeleka Tamarindo, na yeye ndiye anayetusukuma. Dalali anataka arbuni kabla ya mwisho wa mwezi.

Tudai karatasi gani? Na je, kuna maisha huko kwa Waafrika kama sisi, au tutakuwa watalii tu kila tukienda?

Kutoka: Kaka wa Houston

Dada, nilipanga nyumba Tamarindo miezi minane, kwa hiyo naongelea upande wa Pasifiki tu. Mkoa wake, Guanacaste, karibu haupati mvua kuanzia Desemba hadi Aprili, na maji ni shida kubwa. Ukinunua kiwanja bila barua ya maji kutoka kwa mamlaka ya maji au kamati ya maji ya kijiji, hupati kibali cha kujenga. Wapo wenye hati safi kabisa na kiwanja kimekaa majani tu.

Kodi ya kuhamisha umiliki ni asilimia 1.5, ya kila mwaka ni asilimia 0.25 ya thamani iliyosajiliwa. Ukipangisha kwa wageni wa muda mfupi unatoza VAT ya asilimia 13 na kuiwasilisha. Hayo dalali hakuambii.

Hayo ya Karibi tumsubiri Shangazi.

Kutoka: Shangazi, Cahuita

Marahaba mwanangu. Usilipe chochote mwezi huu.

Nimeolewa huku Cahuita, jirani na Puerto Viejo, mwaka wa kumi na mbili sasa. Ukiona "hatua chache kutoka majini" kwa bei ya chini, swali la kwanza ni hatua ngapi. Sheria namba 6043 ya mwaka 1977 inahesabu mita 200 kuanzia pale maji yanapofika yakijaa kwa kawaida. Mita 50 za kwanza ni za watu wote. Mita 150 zinazofuata nazo ni mali ya taifa, ila halmashauri yaweza kumpa mtu kibali cha kuzitumia kwa miaka 5 hadi 20. Mgeni ambaye hajaishi nchini miaka mitano hapewi kibali hicho. Kampuni ambayo zaidi ya nusu ya mtaji wake ni wa wageni haipewi pia. Hapo ndipo dalali atakuambia, "Tuandikishe kwa jina la mwenyeji, msiwe na wasiwasi." Akishatamka hivyo, aga uondoke.

Nasema kwa uchungu kwa sababu nilitamkiwa hivyo hivyo mwaka wangu wa pili, nikakubali, nikatoa arbuni. Kiwanja kilikuwa ndani ya zile mita 150, kibali hakikuwepo, na fedha sikuziona tena. Sisi tuliotoka Tanzania tunaijua ile sheria ya kutojenga ndani ya mita 60 kutoka baharini na tumezoea kuona inakanyagwa. Huku mahakama zimewahi kuamuru hoteli nzima ibomolewe.

Kuna na mambo mawili ya hapa hapa. Vilima vya nyuma ya Puerto Viejo ni ardhi ya Wabribri wa Keköldi, na sheria namba 6172, ya mwaka huo huo wa 1977, inakataza ardhi ya wenyeji wa asili kuuzwa kwa mtu asiye wao. Ukienda kusini unaingia hifadhi ya Gandoca-Manzanillo, iliyotangazwa mwaka 1985. Katikati ya mipaka hiyo wanaishi watu weusi ambao babu zao walipanda minazi hapa vizazi kadhaa kabla ya sheria hizi, na wengi wao hawana hati hadi leo. Nyumba yenu ya bei nafuu yaweza kuwa ya bibi wa mtu. Hilo lichunguzeni kwa moyo, si kwa karatasi peke yake.

Mwombe dalali namba ya usajili wa kiwanja na ramani yake iliyosajiliwa. Namba hiyo unaiangalia mwenyewe kwenye intaneti, katika daftari la Registro Nacional: mmiliki, madeni, kesi. Kisha tafuta mwanasheria mwenye mamlaka ya notario, yaani ya kuthibitisha hati, wa kwako, si yule aliyeletwa na muuzaji. Na mtu aende kwa miguu atafute nguzo za zege za mpaka wa ufuo, apime.

Kuhusu kijana. Huku si Tamarindo. Pasifiki maji yanapwa na kujaa karibu mita tatu, kama kwetu wakati wa bamvua, na watelezaji huko wanapanga siku yao kwa saa za maji. Karibi maji hayapandi hata nusu mita, unaangalia upepo na mawimbi tu. Mawimbi mazuri yanakuja Desemba hadi Machi. Salsa Brava, wimbi linalosifiwa hapa Puerto Viejo, linavunjikia juu ya mwamba ulio karibu mno na uso wa maji. Tetemeko la tarehe 22 Aprili 1991 liliinua miamba ya pwani hii, sehemu nyingine zaidi ya mita moja. Mwanao asiguse Salsa Brava mwaka wa kwanza, hata wenzake wakimtania. Aanzie Cocles, ufuo wa mchanga wenye waokoaji, na hata hapo ajifunze kwanza mkondo unaovuta nje unakopita.

Sasa lile swali lako la pili, ambalo nilitamani kulijibu tangu niliposoma barua yako. Jumapili yangu ya kwanza huku nilipelekwa kwa mama mkwe. Nikaingia jikoni nikakuta nazi inakunwa, tui linakamuliwa, linapikiwa wali na maharage pamoja, na pilipili nzima inawekwa juu isipasuke. Nililia pale pale. Tofauti ni majani ya taimu tu. Samaki, muhogo, ndizi na shelisheli wanavipika pamoja kwenye tui, wanaita rondón. Wazee wa watu weusi wa hapa walitoka Jamaika kujenga reli miaka ya 1870, kisha wakabaki kwenye mashamba ya ndizi, na wengi walikaa bila uraia kamili hadi 1949. Mjini Limón, jengo la Black Star Line la mwaka 1922, lililotokana na harakati za Marcus Garvey, Mjamaika mtetezi wa watu weusi, liliungua 2016, na watu wazima walilia barabarani. Walter Ferguson, mzee wa muziki wa kalipso, alifia hapa Cahuita mwaka 2023 akiwa na miaka 103. Njooni tarehe 31 Agosti, siku ya Waafrika wa Costa Rica, muone mavazi. Hamtakuwa watalii mkijua kusalimia.

Kutoka: Mama Pacha, Minneapolis

Shangazi, asante sana. Nimeomba namba ya usajili. Dalali amejibu kwamba nyumba iko mita 90 kutoka majini na kwamba "ana rafiki mwenyeji". Tumeacha. Wifi zangu wamenuna, lakini tumeacha. Kijana bado anaomba aione bahari hiyo.

Kutoka: Shangazi, Cahuita

Mlete Februari. Msinunue kitu, pangeni wiki tatu tu. Wenye pasipoti ya Tanzania waje na viza ya Marekani ya kuingia mara nyingi iliyo hai. Nitawapokea kituo cha basi mwenyewe. Na tafadhali mniletee mbuzi ya kukunia nazi. Ile niliyotoka nayo Tanga imeng'oka jino, na majirani watatu walikuwa wakiiazima.