Jipu la Abuu

Mama Abuu: Jamani, lile jipu la pajani limekuwa kama limau. Jekundu, la moto, usiku kucha analia. Leo anachechemea, na kinenani pametokea kitonge.

Bibi: Huo mtoki. Damu chafu inatafuta pa kutokea, mwacheni itoke.

Ba Mdogo: Mkamueni, dakika mbili tu 😂

Hamida: Ba Mdogo usithubutu! Shikamoo Bibi. Damu yake haina uchafu. Bakteria wameingia kwenye shina la nywele, chembe nyeupe za damu zimewafuata.

Bibi: Marahaba. Sasa hizo chembe zinamwokoa au zinamchoma?

Hamida: Vyote viwili Bibi 😅 Mishipa midogo imetanuka, damu imejaa pale, ndiyo maana ni pekundu na pa moto. Kuta zake zimelegea, chembe zinapenya na maji yanapenya nazo, pakavimba. Zikifika zinamwaga kemikali za kuua bakteria, ila hazichagui, zinayeyusha na nyama ya mtoto.

Shangazi: Na usaha?

Hamida: Maiti za hizo chembe nyeupe, pamoja na bakteria na nyama iliyooza. Chembe nyingi ni za aina iitwayo neutrofili, maisha yao mafupi, mwili unatengeneza mpya kwa mabilioni kila siku. Hata ule ukijani kwenye usaha mara nyingi ni rangi ya kimeng'enya chao.

Shangazi: Astaghfirullah, nami nina chai mkononi.

Mama Abuu: Jirani kaniambia sabuni na sukari, nimeshabandika 🙈

Hamida: Ioshe taratibu. Kanda kwa kitambaa safi cha maji ya moto ya kuvumilika, dakika 10 hivi, mara 3 au 4 kwa siku. Ukikamua, usaha unaweza kurudi ndani na bakteria wakasambaa. Mtoki ni tezi, chembe nyingine zinazaliana humo, ndiyo maana imevimba. Ana homa?

Mama Abuu: Kipimo sina, ila nikimgusa anawaka. Na kuna mchirizi mwekundu unapanda kutoka kwenye jipu.

Hamida: Mama Abuu, acha kukanda. Hospitali sasa hivi, usingoje jioni. Huenda wakalipasua na kumpa dawa.

Ba Mdogo: Navaa shati, nakuja na pikipiki.

Bibi: Mkifika mwambieni daktari aitazame na ile damu chafu.